Kodi ya sigara imepanda, mbona baba watoto hajaacha?

"Daktari, nina duka dogo hapa Kayole, na sigara ni kati ya vitu vinavyotoka haraka. Baba watoto naye anavuta. Zamani alimaliza stiki 15 kwa siku. Tangu bei ifike shilingi 20 amepunguza hadi 8, lakini hajaacha na kikohozi kiko palepale. Pesa ya sigara inatoka katika mfuko uleule unaolipa karo. Redioni nasikia wataalamu wakitaka kodi iongezwe tena ili watu waache. Mimi naona anayeumia ni maskini: mwenye pesa anavuta tu, asiye nazo anahamia kiraiko, yaani tumbaku ya kusokotwa kwa mkono, au zile za magendo zinazoingia kupitia mpakani. Shemeji zangu wa Kuria wanalima tumbaku, nao wanauliza watakula nini. Kodi hii inaokoa mtu kweli, ama serikali inatafuta pesa? Na mimi ninayeuza nifanye nini?"

Dada yangu, umeuliza mengi, lakini chini yake nasikia wasiwasi mmoja: nyumba yako inalipa kodi hii kila siku na haioni afya iliyoahidiwa. Ni wasiwasi wa haki. Nimewatibu wagonjwa wa kifua kwa miaka mingi hapa Nairobi na ninaunga mkono kodi kubwa ya sigara kwa moyo wote. Hata hivyo, nikikujibu kwamba kodi ni nzuri na basi, nitakuwa sijakuheshimu. Kwa hiyo tuanze na hesabu, maana wewe ni mfanyabiashara.

Ushuru wa sigara Kenya hutozwa kwa kila stiki 1,000. Hadi karibu mwisho wa mwaka 2024, sigara yenye filta ilitozwa shilingi 4,067.03 kwa stiki 1,000, na isiyo na filta shilingi 2,926.41. Sheria ya kurekebisha kodi iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba mwaka huo iliziweka zote mbili shilingi 4,100. Sasa gawanya kwa 1,000. Stiki yenye filta ilibeba ushuru wa shilingi 4 na senti 7 hivi, ikaja kubeba shilingi 4 na senti 10. Nyongeza ni senti 3. Pakiti nzima ya stiki 20 haikuongezewa ushuru wa hata shilingi moja.

Kwa hiyo ukisikia kwamba bei imepanda kwa ajili ya kodi, uliza imepanda kwa kiasi gani na lini. Stiki ikitoka shilingi 15 hadi 20 katika kipindi hicho, senti 3 ndizo za ushuru huo mpya. Nyingine zimegawanywa kati ya mtengenezaji, msambazaji na muuzaji. Tena unajua mwenyewe kwamba kibandani hakuna anayerudisha senti: bei inakaa mahali pamoja muda mrefu, halafu inaruka kwa sarafu nzima ya shilingi 5. Mnunuzi anaulaumu ushuru, mtengenezaji ananyamaza.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kodi zote zikijumlishwa zifike angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja. Kwa stiki ya shilingi 20 hiyo ingekuwa shilingi 15. Leo ushuru ni shilingi 4.10, na hata ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 unafika kama shilingi 7. WHO hupima kwa pakiti ya sigara inayouzwa zaidi, si kwa stiki ya kibandani, kwa hiyo chukua hesabu yangu kama makadirio. Lakini pengo ni kubwa mno kufunikwa na tofauti ya vipimo. Zaidi ya hapo, zamani sheria iliruhusu ushuru huu kurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, na mwaka 2023 kipengele hicho kikaondolewa. Tangu hapo, unga na nauli vikipanda huku ushuru umesimama palepale, sigara inakuwa rahisi bila mtu yeyote kuipunguza bei. Tumekuwa tukijadili kama kodi kubwa inafanya kazi, ilhali hatujawahi kuijaribu vizuri.

Desemba ile ilileta jambo moja ambalo halikuzungumziwa sana, nami nalithamini kuliko zile senti 3. Ushuru wa sigara isiyo na filta ulipanda kwa shilingi 1 na senti 17 kwa stiki na ukalingana na ule wa yenye filta. Mwaka 2015 sheria ilikuwa imeweka kiwango kimoja cha shilingi 2,500 kwa sigara zote, kisha mwaka 2017 kikagawanywa: yenye filta 2,500, isiyo na filta 1,800. Mgawanyo huo ulikuwa mlango wa nyuma. Mvutaji akibanwa na bei haachi, anashuka ngazi na kununua ya chini, na sumu anayovuta ni ileile. Filta nayo haimkingi mtu kama wengi wanavyoamini, kwa hiyo hapakuwa na sababu yoyote ya kiafya ya kuzitofautisha.

Sasa, je, kodi inapunguza uvutaji? Ndiyo. Kwa nchi zenye kipato kama chetu, makadirio yanayotumiwa na WHO ni kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, uvutaji hushuka kwa asilimia 5 hivi. Karibu nusu ya upungufu huo ni watu wanaoacha kabisa au wasioanza, na nusu nyingine ni wale kama baba watoto, wanaopunguza. Ona kwamba bei haikumwacha alivyokuwa. Kutoka 15 hadi 8 si kitu kidogo kwa mtu mwenye uraibu.

Lakini mtu ambaye kodi inamgusa zaidi humwoni nyumbani kwako. Humwoni hata dukani, kwa sababu hajaja. Ni kijana wa miaka 14 mwenye shilingi 50 mfukoni, anayechagua kati ya stiki moja ambayo rafiki yake amemsifia na smokie. Ubongo wake bado haujafungwa na nikotini, kwa hiyo bei inamtuma upande wa smokie bila vita. Akifika miaka 20 hajaanza, uwezekano wa kuanza baadaye ni mdogo sana. Hakuna atakayemhesabu hospitalini kama mtu aliyeokolewa. Naamini ndiyo maana kodi hii inakosa watetezi mitaani: anayeumizwa nayo ana jina na sauti, na anayeokolewa hajui kwamba aliokolewa.

Baba watoto ni habari nyingine. Nikotini ya moshi hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde kama 10. Huko huamsha dopamini, ile kemikali inayoufundisha mwili kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Baada ya saa 2 hivi nikotini iliyo kwenye damu imepungua nusu, naye anaanza kuwashwa na hasira, kukosa utulivu na kutafuta kibiriti. Hiyo ndiyo arosto. Anapowasha nyingine hapati raha mpya, anazima tu moto uliowashwa na stiki iliyotangulia. Mtu wa namna hii ukimpandishia bei, uamuzi wake wa kiuchumi unabishana na ubongo uliokwisha kufundishwa, na ukimwachia kazi hiyo peke yake mara nyingi anashindwa. Hilo halina uhusiano na ukosefu wa akili wala wa upendo kwa watoto wake.

Kuna jambo ambalo huenda hujaambiwa. Anayepunguza stiki kwa sababu ya bei mara nyingi huvuta kila moja kwa nguvu zaidi, akishikilia moshi kifuani na kuimaliza hadi karibu na vidole. Mwili unadai kipimo chake cha nikotini. Kwa hiyo kushuka kutoka 15 hadi 8 hakujapunguza madhara hadi karibu nusu kama unavyodhani. Kwa moyo hali ni ngumu zaidi: anayevuta stiki 1 tu kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba anayevuta 20. Kupunguza ni hatua nzuri ya kuelekea kuacha, lakini akikaa hapo asijidanganye kwamba amefika.

Nije kwenye maskini. Hapa sitakuficha: mtu asiyeacha, kodi ikipanda, ataumia, na mwenye kipato kidogo ataumia zaidi. Hesabu ya nyumba yako ni stiki 8 mara shilingi 20, yaani shilingi 160 kwa siku, shilingi 4,800 kwa mwezi. Wanaopigania kodi hii, mimi nikiwamo, tunapaswa kulitamka jambo hilo kabla ya kusema lingine lolote. Lingine lenyewe ni kwamba wenye kipato kidogo ndio pia wanaopunguza na kuacha kwa wingi zaidi bei inapopanda, na ndio wanaofilisika mtu wao anapougua. Nimeona familia ikiuza ng'ombe, kisha shamba, kwa ajili ya saratani ya koo ya mzee mmoja. Gharama hiyo ilikuwa ikilipwa tangu zamani, ila haikuandikwa kwenye pakiti. Ninachodai, na ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu, ni kwamba serikali inayochukua pesa ya mraibu ina deni kwake: imsaidie kuacha. Ushuru bila kliniki ya kuachia sigara ni nusu ya tiba.

Pesa zenyewe huenda wapi? Ushuru wa bidhaa huingia Mfuko Mkuu wa Serikali pamoja na kodi nyingine, haufuati moja kwa moja wodi ya kifua. Kando yake kuna mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa za tumbaku, ambao watengenezaji na waagizaji wanatakiwa kuutoa kwa ajili ya Hazina ya Udhibiti wa Tumbaku. Kampuni ya sigara ya BAT ilipinga kanuni zilizouleta, za mwaka 2014, hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Ufilipino walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 2012 ilipandisha kodi ya sigara na pombe, na sehemu kubwa ya nyongeza ikaelekezwa kwenye bima ya afya ya maskini. Mwananchi wa kule akilalamikia bei unaweza kumwonyesha kadi ya bima ya mama yake. Sisi hatuna cha kumwonyesha, kwa hiyo unaposema serikali inatafuta pesa sina jibu la kukunyamazisha. Nakuambia tu kwamba stiki isiyovutwa haimdhuru mtu, hata kama aliyeipandisha bei alikuwa akiwaza bajeti.

Kuhusu magendo, hofu yako ina msingi, ila mara nyingi inakuzwa. Wenye viwanda hupenda kutangaza kwamba kodi ikiongezwa soko lote litahamia magendo, na makadirio yao huwa juu kuliko ya watafiti wasio na maslahi. Kinachoamua zaidi ni ulinzi. Afrika Kusini ni funzo la pande zote mbili. Kuanzia 1994 walipandisha kodi mfululizo, uvutaji ukashuka mwaka hadi mwaka na mapato ya serikali yakaongezeka. Miaka ya baadaye ulinzi ulipolegea magendo yakasambaa, na mwaka 2020, walipopiga marufuku kabisa uuzaji wa sigara wakati wa korona, kuanzia Machi hadi Agosti, wavutaji wengi walizipata tu, kwa bei ya kuruka. Marufuku na kodi si kitu kimoja. Hapa kwetu mamlaka ya mapato, KRA, ilianza mfumo wa stempu za kielektroniki za ushuru mwaka 2013, na yeyote anaweza kukagua stempu kwa simu kupitia programu ya Soma Label. Pakiti isiyo na stempu usiipokee, hata msambazaji akikupunguzia. Kiraiko ndicho kinachonipa shida zaidi, maana tumbaku ya kusokotwa kwa mkono haina pakiti ya kubandikwa stempu. Watu huniambia ni ya asili kwa hiyo ni salama. Si salama. Moshi wa jani lolote la tumbaku una lami na kaboni monoksaidi, na kiraiko hakina hata filta.

Shemeji zako wa Kuria sitawasahau. Uvutaji hushuka polepole, kwa miaka, na zao lao halitakosa mnunuzi kesho asubuhi. Lakini wawe macho. Katika kaunti yao ya Migori kumekuwa na mradi wa serikali pamoja na WHO, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) unaowasaidia wakulima kutoka kwenye tumbaku na kuingia kwenye maharagwe ya Nyota, yenye madini mengi ya chuma. Wawaulize majirani waliojiunga wamevuna nini, na wao wenyewe wapige hesabu ya kuni, mbolea ya mkopo na watoto wanaokosa shule kwa ajili ya kukausha majani.

Wewe muuzaji sasa. Nitasema wazi kwa sababu nakuheshimu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara chini ya stiki 10 kwa pamoja, na inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Najua kwamba karibu kila kibanda Nairobi kinauza moja moja, na kwamba wewe ukikataa, jirani atauza. Lakini stiki moja moja ndiyo inayovunja nguvu ya kodi. Pakiti ya shilingi 300 au 400 humfanya mtu asimame afikirie, shilingi 20 haimsimamishi mtu, na hata yule kijana wa miaka 14 anaifikia. Kama huwezi kuacha biashara hiyo leo, anza na mtoto. Asiuziwe, hata akisema ametumwa na baba. Ondoa sigara karibu na peremende na biskuti, ziweke mahali ambapo mtoto anayenunua maziwa hazioni. Hivyo vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, vyenye ladha tamu, uvichukulie vivyo hivyo. Nikotini yake inafunga ubongo wa kijana kama ile ya sigara. Halafu andika kwa mwezi mmoja faida halisi unayopata kwenye sigara, uiweke kando ya zile shilingi 4,800. Wenye maduka walionisikiliza wengi walishangaa walipoziona namba hizo mbili kwenye karatasi moja.

Na mumeo. Usianze na ugomvi, na tafadhali usianze na neno dhambi. Wapo wanaoita kodi hii kodi ya dhambi na jina hilo silipendi, kwa sababu ninaowaona kliniki ni wagonjwa. Mwambie umeona amepunguza. Kisha mwulize stiki ya kwanza huiwasha saa ngapi. Kama ni ndani ya nusu saa baada ya kuamka, uraibu wake ni mzito, na kumtaka aache kwa nguvu ya moyo peke yake ni kumtakia kushindwa. Kuna dawa. Kuna nikotini ya kubandika kwenye ngozi na ya kutafuna, ambazo humpa kipimo kinachopungua polepole bila moshi. Kuna pia vidonge kama bupropioni na vareniklini, vinavyohitaji daktari. Bupropioni, kwa mfano, haimfai mwenye kifafa. Si rahisi kuzipata kila mahali, na bei ya dawa za kubandika itawashtua. Ilinganisheni na zile shilingi 160 za kila siku kwa wiki 8 hadi 12, maana si dawa za maisha. Vepu, yaani sigara za kielektroniki, simshauri, maana wengi huishia kutumia zote mbili.

Chagueni siku ya kuacha pamoja, isiwe wiki ya mazishi wala ya karo. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote: atakuwa mkali, hatalala vizuri, atataka kula kila saa. Baada ya wiki 2 hadi 4 makali hupungua. Akianguka akavuta moja, asihesabu kwamba ameshindwa. Wengi walioacha walijaribu mara kadhaa kabla. Zile shilingi 160 ziingie kwenye akiba ya simu ambayo haitolewi ovyo, kila jioni, yeye mwenyewe akizituma. Nambari ya simu 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure, wanazungumza na mraibu na hata na mke wake. Hospitali ya Mathari nayo ina huduma za uraibu.

Kikohozi chake, hata hivyo, hakisubiri siku ya kuacha. Kikohozi kilichozidi wiki 2 kinapaswa kupimwa kifua kikuu, na kipimo na matibabu ni bure katika vituo vya umma. Uvutaji huongeza hatari ya kifua kikuu takribani mara mbili, na wavutaji huchelewa kugunduliwa kwa sababu kila mtu nyumbani amezoea kusikia "ni sigara tu hiyo". Akitoa kohozi lenye damu, akikonda bila sababu, akitokwa jasho usiku, sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 3, au akipumua kwa shida akipanda ngazi alizozoea, mpeleke wiki hii hii. Akipata maumivu ya kifua yanayobana na kushuka mkononi au kupanda shingoni, usingoje asubuhi, nendeni hospitali saa hiyo. Ukiweza mfuatane naye hadi kwa daktari, na umsihi ataje idadi kamili ya stiki na miaka aliyovuta. Wengi hupunguza idadi wakiogopa kukaripiwa, na sisi tunaamua vipimo kwa idadi hiyo.